Kulipeleka Pijo la Mabula Kiloleli

Nimerudi salama, na kama mnavyoniona sijapungua. Ila tangu nirudi sijafika dukani bila kusimamishwa njiani. Huyu anauliza kama ni kweli Mkula walitupokea kwa vilio, yule anauliza kama ni kweli nililia mbele ya mashine ya kumwagilia nyanya. Ninyi wenzangu wa kikundi cha cherehani ndio mmezidi, maana kila mmoja anataka aelezwe peke yake, tena kuanzia mwanzo. Nimeona niandike mara moja, mpokezane, halafu mniache nishone sare za watu.

Habari za kadi ya gari, makaratasi ya kubadilisha jina na nani alisaini wapi, hizo naziruka. Hata mimi zilinichosha.

Nyalikungu, kupakia

Kwa mliohamia mtaa wetu wa Nyalikungu hapa Maswa juzi, Pijo ninalolisema ni lile pikapu la 404 lililokuwa chini ya banda nyuma ya nyumba yangu, ambalo watoto wenu walikuwa wakilifanya basi la kwenda Dodoma. Marehemu mume wangu, Mabula, aliliendesha ujanani alipokuwa dereva wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Ndilo lililonileta kwake siku ya harusi, yeye kwenye usukani, mimi katikati, na shangazi yangu dirishani akilalamikia vumbi. Gia ya Pijo iko kwenye usukani, kwa hiyo hakuna kitu cha kuzuia watu watatu kubanana kiti cha mbele, na Mabula alipenda sana kubanana.

Jineri ilipofungwa wakauza magari mabovu. Wenzake walinunua matairi na mabati. Yeye alinunua gari zima ambalo injini yake ilikuwa imepasuka na kutupwa, akalivuta mpaka nyumbani na kusema atalirudisha kama lilivyokuwa. Miaka ikapita akiwa chini yake. Bodi aliinyoosha yote kwa mkono, breki akazifufua, akapaka rangi ya maziwa mlango mmoja tu, wa upande wangu, ili nione litakavyopendeza. Sehemu nyingine zilibaki na praima ya kijivu. Viti nilivishona mwenyewe kwa leza nyekundu, mishono miwili miwili. Injini ya kuweka haikupatikana, halafu Mabula akaugua.

Alipokuwa kitandani hakuniachia maagizo mengi. Aliniambia, "Mama Limi, wa mikokoteni wasilikate." Mnajua wenyewe jinsi ekseli ya Pijo inavyotafutwa kwa mikokoteni ya ng'ombe. Tangu tumzike haujapita mwezi bila mtu kuja na msumeno wa chuma na maneno matamu. Niliwafukuza wote. Lakini mvua za mwaka huu ziliondoka na bati za banda, mbuzi wakahamia kwenye viti vyangu, nikaona kwamba nikiendelea kulilinda hivi litaozea mikononi mwangu. Nilitaka kitu kimoja tu, nimpate mtu atakayelitembeza barabarani.

Muuza dagaa mmoja wa sokoni ndiye aliyemwambia shemeji yangu Masanja, mdogo wake Mabula, kwamba Kiloleli huko ziwani kuna bwana anaitwa Magesa anayetafuta Pijo kama letu. Nikampigia. Nikamwambia mapema kwamba halina injini.

"Injini hata siitaki," akasema.

Nikamuuliza gari bila injini analitakia nini. Nikasikia upepo mwingi kwenye simu, kisha sauti yake, "Wewe lete tu mama, utaona mwenyewe," na mtandao ukakatika, au aliukata. Mtu anayetaka gari na hataki injini, mnajua nilimfikiriaje. Nikamwambia Masanja kwamba tukifika nikauona msumeno, tunageuza siku hiyohiyo. Masanja akasema sawa shemeji, kwa sauti ya mtu ambaye hatageuza kitu.

Aliyetubeba ni Kulwa, yule mwenye Fuso, ambaye msimu wa pamba ukianza hashikiki ila alikuwa na mzigo wa kwenda kuchukua Lamadi. Vijana walilisukuma Pijo kutoka kwenye tuta mpaka ndani ya Fuso, wakiimba ule wimbo wa kulimia, na mkia wake ukabaki nje. Kulwa akavunja matawi ya mwarobaini akayafunga nyuma ili wenye pikipiki waone kuna kitu kimejitokeza. Mimi nikalifunika lote kwa shuka kubwa jeupe la marekani nililolishona kuzuia vumbi. Taa za mbele za Fuso zilikuwa zinawaka mchana kweupe, maana hazizimiki mpaka uchomoe waya, na Kulwa si mtu wa kuchomoa waya. Nayataja haya yote kwa sababu yalikuja kutuponza.

Maswa hadi Bariadi

Nilikataa kukaa mbele. Sikuziamini kamba za Kulwa, kwa hiyo nilijitandikia magunia nyuma, mgongo ukiegemea tairi la Pijo, na Masanja akalazimika kukaa na mimi.

"Shemeji, ukidondoka huku kaka yangu atanidai huko aliko," akasema.

"Atakudai mangapi? Hata jeki yake hujarudisha."

Hivyo ndivyo tulivyosafiri. Masanja na mimi tunataniana tangu siku niliyoletwa, na nadhani tusipotaniana mmoja wetu atakuwa mgonjwa. Kulwa naye alikuwa anaendesha kama anayepeleka mayai. Kila aliyemjua alimpunguzia mwendo, na anamjua kila mtu. Atatoa kichwa dirishani, atasalimia, "Mwangaluka," yule atajibu, atauliza watoto, atauliza ng'ombe, atauliza pamba imetokaje mwaka huu, na nyuma yetu basi linapiga honi.

Sikukasirika sana, kwa sababu barabara ilikuwa nyeupe. Malori ya pamba yalikuwa yametangulia, na nyuzi zilikuwa zimenasa kwenye miiba na majani ya pembeni mwendo mrefu. Zamani wakati kama huu king'ora cha jineri kilikuwa kikilia jioni, na Mabula akifika nyumbani kichwa chake kilikuwa cheupe kama cha babu yake. Nilikuwa namkalisha kwenye kigoda namfuta kwa kanga, yeye akilalamika kwamba namvuta masikio. Halafu ikaja miaka akaota mvi za kweli, na mimi nikawa bado nazifuta, yeye anacheka. Nilipomwona Masanja amekaa pale na pamba kwenye nywele nilinyoosha mkono nikaitoa. Hakutania. Alitazama pembeni mpaka tulipoanza kuziona nyumba za Bariadi.

Bariadi

Kulwa alisema tunasimama kidogo, anamsalimia mama yake mdogo. Kidogo ya Kulwa mnaijua. Tulikula wali na maharage, tukanywa maziwa ya mgando, tukala tena michembe ya viazi vikavu na karanga, na Kulwa hajatokea.

Nilimwonyesha Masanja kona ambapo Mabula aliegesha Pijo hili siku tuliyokuja kununua cherehani yangu ya kwanza. Siku hizi hapo kuna duka la simu. Siku ile Mabula aliivisha cherehani koti lake ili isipate vumbi, na mwanamke mmoja aliyetuomba lifti akaipakata, mimi nikiwa na wivu na cherehani yangu. Masanja alisema hadithi hiyo ameisikia. Nikamwambia ataisikia tena wakati wa kurudi.

Tukiwa tumekaa hapo akaja mtu akaanza kuinama chini ya Fuso, kisha akapanda juu ya tairi na kuinua shuka langu bila kuniomba. Alikuwa na miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso.

"Mayu, mwadila," akanisalimia Kisukuma, kama anayemsalimia mama yake.

"Mwadila. Teremka kwenye gari langu."

"Nataka ekseli tu, mayu. Na springi. Bodi utarudi nayo, utafugia kuku."

"Kuku wangu wana nyumba."

Alicheka, akataja bei, na kusema kweli bei yake haikuwa ya kutukana. Alisema mikokoteni yake inafika hadi Meatu, na kwamba ekseli hii itafanya kazi mpaka wajukuu zangu wazeeke. Nikamwambia imeshafanya kazi. Alipoondoka Masanja akawa anavunja karanga bila kuzila.

"Shemeji," akasema mwishowe, "na huyo wa Kiloleli akiwa ni huyuhuyu, tofauti tu anakaa mbali?"

Ndicho kitu nilichokuwa nakiogopa tangu Nyalikungu, na kukisikia kwenye mdomo wa mtu mwingine kulinifanya nitamani kushusha gari pale pale. Nilimwambia amwite Kulwa twende.

Mkula, msiba usio wetu

Kutoka Bariadi barabara ni nzuri, na upepo wa ziwa unaanza kukufikia kabla hujaliona. Tulipokaribia Mkula niliona wenye pikipiki wanaegesha pembeni na kuvua kofia. Wazee waliokuwa wanacheza bao walisimama. Nikamwambia Masanja, angalia vijana wa huku Busega walivyo na heshima. Kulwa alikuwa anawapungia mkono wote, amefurahi.

Mbele tukakuta wanaume wamesimama kwenye njia ya kuingia kijijini, wameshika matawi. Mmoja akatuonyesha tukate kulia. Kulwa, ambaye akipungiwa na mtu yeyote anatii, alidhani barabara kuu imefungwa, akakata kulia. Tukaenda kwenye njia nyembamba kati ya mashamba ya mahindi yaliyovunwa, wale wanaume wakitukimbilia nyuma, na mbele yetu nikaanza kusikia yowe.

Ndugu zangu, nilielewa nikiwa nimeshachelewa. Shuka jeupe, matawi, taa za mchana, mwendo wa Kulwa, na mwanamke wa makamo juu ya lori amejifunga kanga hadi kichwani kwa sababu ya vumbi. Kulikuwa na familia inasubiri maiti kutoka hospitali, na sisi tulikuwa tumefika.

Wanawake walikuja mikono kichwani. Wawili walinishusha, mmoja kila upande, wakanishika kama mtu atakayeanguka.

"Pole mayu. Pole sana."

"Jamani," nikawaambia, "hili ni gari tu."

"Ndiyo mayu, tunajua, limechelewa sana," akanijibu mmoja, machozi yanamtoka, akanikumbatia.

Jaribuni ninyi kubishana na mtu anayelia begani mwenu. Upande wa pili wanaume walikuwa wanamuuliza Masanja jeneza lishushwe kichwa kikiwa upande gani. Masanja, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alinyoosha tu kidole kwenye shuka. Vijana wakapanda, wakakunja shuka taratibu kwa heshima, na pale juu likaonekana Pijo, limekodoa macho, halina boneti.

Yowe likakatika kama redio iliyoishiwa betri. Mzee mmoja aliyekuwa na fimbo alilizunguka Fuso, akachungulia, akarudi alipoanzia.

"Marehemu yuko wapi?" akauliza.

"Wa kwetu tulishamzika, bhabha," Masanja akasema. "Hili ni gari lake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha nikasikia kicheko kidogo, cha mtu anayekibana kwa mkono. Nikageuka kumtafuta asiye na adabu. Alikuwa ni mfiwa mwenyewe, mke wa marehemu, amekaa kwenye mkeka mlangoni. Alicheka mpaka kanga ikamwanguka, halafu kicheko kikageuka, akalia, na wanawake wakarudi kumshika yeye.

Tungeweza kuomba radhi na kuondoka. Lakini mtu haingii msibani na kugeuza kabla hajakaa chini, hata kama ameingia kwa makosa, na hata kama kuna mtu anamsubiri Kiloleli. Masanja alienda kukaa na wanaume. Kulwa alipasua kuni. Mimi nilipewa kisu na beseni la viazi vitamu. Gari lenye maiti lilifika baada ya muda, matawi yake yamefungwa kama ya kwetu kabisa, na tulizika alasiri pamoja na wenyeji. Nilimtupia udongo mtu ambaye jina lake nilikuwa nimelisikia siku hiyohiyo.

Kabla ya kuondoka nilienda kumuaga yule mama. Alinivuta nikae.

"Wa kwako ndiye alikuwa anaendesha lile?"

"Ndiye."

"Na sasa unaliuza."

"Naliuza."

Alitazama ukuta wa nyumba yake. Kulikuwa na baiskeli imeegemezwa, kiti chake kimefungwa nailoni. "Wangu ana hiyo," akasema. "Sijui nitaifanya nini."

Nikamwambia asiamue leo wala mwezi ujao, na watakaokuja kumshauri awape chai waende. Siku tuliyomzika Mabula nilikuwa nakimbizana na sufuria za wageni, sikukaa mkekani hata kidogo. Pale Mkula nilikaa. Walitufungia matobolwa, viazi vya kuchemsha vilivyokaushwa, kwenye mfuko kwa ajili ya njiani, na Kulwa aliyamaliza kabla hatujafika lami.

Lamadi

Hapa sina mengi. Tulifika jua linazama, Kulwa akaenda kuulizia mzigo wake, mimi na Masanja tukaagiza sato wa kukaanga na ugali wa muhogo. Mwenye mgahawa alituletea samaki mkubwa kuliko sinia, akatuomba radhi kwamba ni mdogo. Watu wa ziwani ndivyo walivyo.

Magesa alipiga simu kuuliza tumekwama wapi. Masanja alimjibu kwamba tulikuwa msibani. Akatupa pole, akauliza aliyefariki ni nani wetu, Masanja akaanza kueleza na kushindwa. Nilimwona anahangaika na maneno huku mkono mmoja una mwiba wa samaki, nikacheka mpaka meza ya pili wakageuka.

Baadaye aliniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Alisema alipokuwa anasoma sekondari na ada haipo, Mabula alikuwa akimpitia na Pijo Ijumaa, anampa usukani kwenye njia ya mashambani, na siku hiyo hawazungumzii ada kabisa. Alisema hakuna siku aliyojiona mtu mzima kama hizo. Niliishi na Mabula miaka yote hiyo bila kujua. Ilinifurahisha na ikaniuma, kwamba kuna jambo lake jipya la kusikia na yeye mwenyewe hayupo wa kuulizwa.

Kiloleli

Asubuhi tuliacha lami tukaingia njia ya mchanga. Majaruba ya mpunga yamekauka upande mmoja, na upande mwingine ziwa, kimya, limejaa ndege weupe. Tuliuliza kwa Magesa, tukaelekezwa kwenye uzio wa miiba.

Kitu cha kwanza nilichokiona getini ni mkokoteni. Nyuma yake, chini ya mti, fremu ya gari iliyokatwa katikati, kutu tupu, na pembeni yake tairi na springi zimepangwa. Fremu ile niliitambua kabla Kulwa hajasimama. Ilikuwa ya Pijo.

Nikapiga paa la Fuso kwa kiganja. "Geuza."

"Mama Limi, hapa hapageuziki," Kulwa akajibu kutoka mbele. "Na kuna ng'ombe wanakuja nyuma."

Kweli, ng'ombe walikuwa wamejaza njia, wametuzunguka, na Magesa akatokea katikati yao akiwa na matope hadi magotini. Ni mtu mwembamba, wa umri wa Masanja. Alinisalimu, nami, Mungu anisamehe, sikuitikia.

"Msumeno uko wapi?" nikamuuliza nikiwa juu ya lori.

Alitazama fremu, akanitazama. Nadhani alielewa mara moja, maana hakukasirika. "Hilo lilikuwa la baba yangu," akasema. "Ziwa lilipopanda lilituingilia mpaka ndani ya nyumba. Bodi ililala majini, ikaoza yote. Ekseli nimeipa kazi, kweli. Teremka mama, njoo uone nilichookoa."

Nilimfuata, Masanja nyuma yangu. Tulipita bustani ya nyanya, matuta marefu ya kijani mpaka karibu na maji. Mwishoni kulikuwa na kibanda cha matete. Ndani yake, juu ya magogo, imefungwa bolti na mkanda unaoingia kwenye pampu, ilikaa injini. Ilikuwa safi kuliko sufuria zangu.

"Injini ninayo," akasema Magesa. "Nyumba yake ndiyo sina. Ndiyo maana nilikuambia ya kwako siitaki."

"Ungesema kwenye simu."

"Ningesema ungeamini?"

Nisingeamini. Akachukua hendeli, akaiingiza, akazungusha mara ya kwanza, ya pili. Injini ikakohoa, ikagonga kidogo kama inavyogonga ikiwa na baridi, kisha ikatulia, na maji yakaanza kukimbia kwenye mtaro.

Sikuwa nimejiandaa kwa sauti ile. Kwa miaka mingi nilikuwa naisikia kutoka njia panda ya soko, jioni, nainjika maji ya ugali ili yachemke yeye akishuka. Mkono wangu ulipanda wenyewe ukakaza kanga kiunoni, kama nilivyokuwa nikifanya nikimsikia anaingia uani. Nikasimama hivyo, nimekaza kanga, tayari kabisa kumpokea mtu. Halafu nikalia, kwa sauti, mbele ya watu nisiowajua, na Masanja aliyepaswa kunishika alikuwa ametoka nje ya kibanda anajifanya anakagua nyanya.

Magesa hakuizima injini mpaka nilipomaliza. Namshukuru kwa hilo.

Nilipopata sauti nilimuuliza ataiweka lini ndani ya Pijo. Akajikuna.

"Nikiitoa sasa hizi nyanya zitakufa. Tukishazivuna."

"Halafu?"

"Halafu kuna kitalu cha mpunga. Lakini baada ya hapo, mama, kabla ya mvua kubwa."

Masanja alinitazama. Alijua sharti langu, mtu wa kulitembeza barabarani, na alijua pia kwamba kaka yake naye alikuwa akizungumza hivihivi. Niliwaambia walishushe.

Wavuvi waliitwa, ng'ombe wakasogezwa, tukatumia ukingo wa mtaro. Lilipogusa ardhi Magesa alifungua mlango wangu, ule wa rangi ya maziwa, akaingia kwa upande huo, akasogea hadi kwenye usukani. Alipitisha kidole kwenye mishono ya kiti. Akajaribu gia. Akashuka, akazunguka, akapiga magoti, na kabla hatujamaliza kukunja shuka alikuwa ameshalala chali chini yake, miguu tu nje, anamuuliza Masanja maswali, na Masanja naye akaingia upande wa pili kumjibu.

Mke wa Magesa, Mama Pendo, alituandalia chakula kwenye mkeka kivulini. Kulwa alikula akasinzia. Masanja alikuja akala harakaharaka, akarudi chini ya gari. Mama Pendo alimwita mumewe. "Nakuja," likasema Pijo. Akasubiri, akamwita tena. "Nakuja." Sahani yake ilikuwa imefunikwa kwa kawa, sangara na ugali, na mvuke ulikuwa umeshaisha.

Tulibaki wawili tunaitazama ile miguu. Yule mwanamke alikuwa na jambo, niliona jinsi alivyokuwa anachezea ukindu wa mkeka.

"Dada," akasema, "niambie kweli. Hilo gari linamalizika?"

Nilifikiria kumfariji.

"Halimaliziki, mdogo wangu," nikamwambia. "Lakini kila jioni utakuwa unajua mumeo yuko wapi."

Alicheka. Halafu akaacha kucheka, akanitazama vizuri, akaondoa kawa na kunisogezea sahani ya Magesa.

"Basi kula wewe," akasema. "Huyu haji leo."

Nikanawa mikono, nikala.